Mashine ya kupimia kiwango cha kuyeyuka: nilinunua, nikaambiwa nitumie cha kwapani

Ina lenzi ya aina gani na inafika digrii ngapi, hayo yameandikwa kwenye boksi. Mimi nasema kilichonikuta.

Mimi ni fundi wa maabara ya kemia chuoni. Miaka yote tumepima kwa neli ya Thiele: unajaza mafuta ya parafini, unafunga kapilari, yaani kineli chembamba cha kioo chenye unga unaoupima, kwenye kipimajoto kwa rababendi, unapasha ule mkono wa pembeni kwa moto mdogo, na chumba kizima kinanuka kama kwa muuza chipsi. Kwa hiyo fungu la mashine ya umeme lilipotoka, nilikwenda Kariakoo mwenyewe, nikarudi nimeipakata kwenye daladala kama kichanga.

Siku ya kwanza nikaanza na asidi benzoiki, chupa mpya, nimeifungua kwa mkono wangu. Hiyo inayeyuka kwenye digrii 122 za Selsiasi. Nikaisaga, nikatia kama milimita tatu za unga kwenye kapilari, nikaigongagonga mpaka unga ukashikana chini. Nikachungulia. Skrini 122, unga umekaa. 125, umekaa, mkavu kama chumvi. 128 ndiyo kingo zikaanza kulowa. 131, maji. Nikarudia mara mbili zaidi: 130, 131.

Nikairudisha dukani. Kijana wa kaunta alikuwa anachezea simu, hata hakuniangalia. "Kemikali yako chafu hiyo."

Jamani! Uchafu haupandishi kiwango cha kuyeyuka, unakishusha! Kitu kisafi huyeyuka ndani ya digrii moja au mbili. Kichafu huanza mapema na kusuasua njiani. Ndiyo maana ya kupima kwenyewe. Mtu anauza kifaa na hajui kinapima nini. Nikamweleza taratibu, tena kwa "ndugu yangu". Akainua macho kwa mara ya kwanza: "Mzee, kama imekushinda, tumia kipimajoto cha kwapani." Wateja waliokuwa nyuma yangu wakaangua kicheko. Akachukua risiti yangu, akanionyesha kwa kidole: mali ikishauzwa haitarejeshwa.

Nyota moja, na nimetoa hiyo kwa kuwa sifuri haipo.

Lakini nisije nikamsingizia mtu. Kesho yake, hasira zimeshuka kidogo, nikagundua nilikuwa napandisha joto kama dereva wa bodaboda aliyechelewa. Sensa ya joto imekaa kwenye chuma kinachopasha kapilari, haiko ndani ya unga. Chuma kikikimbia, unga unabaki nyuma, na skrini inakusomea joto la chuma. Nikapasha haraka mpaka 110, kutoka hapo digrii moja kwa dakika, mgongo unauma kwa kuinama. Ikasoma 126. Basi sehemu ya kosa ilikuwa yangu, nakubali. Hizo nne zilizobaki si zangu! Asidi ileile niliiweka kwenye Thiele ikayeyuka kati ya 121 na 122. Naftalini nayo, ambayo ni 80, mashine inasema 82. Yaani hata uongo wake haulingani, huwezi kusema utoe namba moja kila mara.

Nimechora grafu ya kusahihisha, nimeibandika ubavuni kwa selotepu. Na niseme kweli, wanafunzi wa mwaka wa pili wanaipenda. Wanaweka kapilari tatu kwa mpigo, hakuna moshi, hakuna aliyeungua kidole tangu ije. Hata mimi parafini siitamani tena. Ukinunua, ipime kwanza kwa vitu viwili vitatu unavyojua viwango vyake, kabla hujaiamini na sampuli ya mtu. Kwa hilo naipa nyota tatu.

Ila juzi mwanafunzi mmoja kaniuliza mbona mashine mpya ina grafu ya kusahihisha. Nikaanza kumsimulia vizuri tu, nikafika pale kwenye kwapa.

Nyota mbili.