Pachi za League of Legends: rivyu ya namna wanavyoamua championi gani apunguzwe makali

Niseme mapema, hii sio rivyu ya gemu zima la League of Legends, lile la mtandaoni la timu mbili za watu watano watano, gemu lipo tangu 2009 na kila mtu ana lake la kusema, mimi nazungumzia kitu kimoja tu ndani yake, zile pachi (marekebisho) za Riot, kampuni yenye gemu, zinazoshuka karibu kila wiki mbili na kugusa nguvu za machampioni, yaani wahusika unaowachagua kuwachezea. Kwangu hiyo ndo huduma yenyewe. Kucheza ni bure, ramani unaijua hata ukifumba macho, lakini kuna machampioni zaidi ya 160 na mtu akiharibu mizani yao basi kila mechi utakutana na sura zilezile kumi na gemu linakufa mikononi mwako.

Kilichonifanya niwaheshimu hawa jamaa ni kwamba mwaka 2019 walitoa hadharani vigezo vyao, yaani championi akifika hapa tunamshusha, akiwa pale tunampandisha, na namba zipo mezani. Gemu nyingi za mtandaoni hazina hiyo, unaamka asubuhi mhusika wako kakatwa miguu na hakuna aliyekueleza kitu.

Wamegawa wachezaji makundi manne. Kuna sisi wa kawaida, ambao ndo wengi, halafu wale wazuri walio kwenye 10 bora kwa kila mia, halafu wale wa juu kabisa wa seva, halafu mapro, wanaolipwa kucheza ligi. Na hapa ndo palipo na akili, kwa sababu championi yuleyule anaweza kuwa jinamizi huku chini na huko juu hana lolote. Chukua Garen au Amumu, watu wepesi kujifunza, ukiwakamata leo leo unashinda nao. Halafu chukua Katarina, mechi za mwanzo unakufa kama kuku, ila aliyemzoea miaka ni balaa jingine. Ukichanganya mechi zote kwenye kapu moja ukatoa wastani, hao wa aina mbili wanaweza kuonekana wako sawa na kumbe hawako sawa hata kidogo, kwa hiyo kugawa makundi kwanza ndo jambo la maana kuliko hata hizo namba zenyewe.

Namba sasa. Kwa kundi letu la kawaida, championi ambaye watu hawampigi sana bani (yaani kumzuia asichaguliwe na yeyote kwenye mechi hiyo) huhesabiwa amezidi akipita asilimia 54.5 ya ushindi. Lakini kadri anavyopigwa bani nyingi, kizingiti kinashuka, inamtosha kushinda kidogo tu juu ya wastani na wanamgusa. Mimi nakipenda sana hiki kipengele. Tangu 2017 kila mchezaji ana bani yake moja, kwa hiyo mechi moja bani kumi, na ukiona watu wanampiga bani championi kama Zed au Yasuo kila siku, hata kama ushindi wake ni wa kawaida tu, ile ni kura, watu wanasema tumechoka naye. Bani inapima kero, na wao wameamua kero ihesabiwe pamoja na ushindi. Kwa mapro wanaangalia zaidi mahudhurio, championi akichaguliwa au kubaniwa kwenye kama asilimia 90 ya mechi basi siku zake zinahesabika.

Sasa ninapowakatia nyota ni hapa. Ili championi apunguzwe, inatosha azidi kwenye kundi moja tu kati ya manne. Ila ili ahesabiwe dhaifu, lazima awe hoi kwenye makundi yote, ushindi chini ya asilimia 49 kote na mapro nao hawamtaki. Unaona shida? Machampioni Azir na Ryze wameishi kwenye mtego huo miaka na miaka. Mapro wanawapenda, sisi tukiwachezea tunapigwa. Ryze ulti yake, yaani uwezo wake mkubwa kuliko yote, inafungua duara linalohamisha timu nzima, sasa mapro watano wanaongea kwenye maiki, mmoja anahesabu, wote wanaingia kwa pamoja na wanatokea nyuma ya adui. Huku kwetu unalifungua duara, wawili hawajaangalia ramani, mmoja anaua miminioni (vile viaskari vidogo vya kompyuta), wa nne anaingia halafu anatoka, unatua peke yako katikati ya watu watano. Ni championi yuleyule na namba zilezile. Halafu wanapunguza namba kwa ajili ya wale watano wenye maiki na mtu wa kawaida anayempenda Ryze kwa moyo wote ndo anabaki na mabaki.

Kusema haki wanajitahidi kutafuta nati inayokaza upande mmoja bila kulegeza mwingine. Mfano mzuri ni msituni, sehemu ya ramani kati ya leni (njia za mapigano) ambako mchezaji anaua mazimwi, championi akitakiwa huko wanamuongezea demeji, yaani madhara anayotoa, kwa mazimwi tu, akizidi wanaipunguza hiyohiyo, na anayemchezea leni hasikii chochote. Championi Brand alipitia hayo. Safi sana. Ila kwa Azir na Ryze nati kama hiyo haijapatikana, kinachowapa nguvu ni mawasiliano ya watu na hayo huwezi kuyapunguza kwa pachi.

Kingine, sio kila mara tatizo ni championi. Mashindano ya dunia ya 2017 kule China kila mtu alikuwa anakimbilia Ardent Censer, kifaa cha dukani ndani ya gemu, saporti (msaidizi) anainunua haraka na edisi wake (mpigaji wa mbali anayemlinda) anageuka mashine, na mashindano yanachezwa kwenye pachi moja iliyofungwa kwa hiyo huwezi kurekebisha katikati, tuliangalia hivyo hivyo mpaka timu ya Samsung Galaxy ikaifunga timu ya SKT 3 kwa 0 fainali Beijing. Kwa hiyo pachi ya kabla ya mashindano makubwa wanatakiwa waiangalie mara mbili zaidi ya zingine, vitu vya dukani kwanza halafu ndo machampioni.

Maandishi yanayokuja na pachi ni mazuri. Picha ya championi, aya fupi ya kwa nini, halafu namba ya zamani, mshale, namba mpya. Wengi wanaruka aya wanakimbilia mshale, wanakosea, ile aya ndo inakwambia amepunguzwa kwa sababu ya nani, sisi au mapro. Kama imeandikwa mapro na wewe uko renki za chini na unashinda naye, endelea naye tu bila wasiwasi, sana sana nguvu zake zitapungua kidogo.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano watakuja kuichukua siku Ryze atakapofanyiwa kazi kwa ajili yetu sisi tusio na maiki.