Wiki tatu za mamamkwe kwenye nyumba ya wazee: nilimwacha anasikia, nikamkuta kiziwi

Naandika bado nina hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka.

Mimi ni Mtanga, nimeolewa Ujerumani, na mamamkwe tunaishi naye nyumba moja, mwaka wa sita huu. Ana miaka 84. Kumwogesha ni mimi, kumkata kucha ni mimi, kumsomea barua za benki ni mimi. Wifi yangu yuko München, anampenda sana mama yake, kwa simu.

Miezi kadhaa nyuma ikaja simu kutoka nyumbani: mama yangu mzazi ameanguka, kavunjika nyonga. Mume wangu ni mtu wa zamu za usiku. Ndipo nikaingia kwenye haya mambo ya kumweka mzee kwenye nyumba ya wazee kwa muda, wenyewe wanaita Kurzzeitpflege. Habari za hela sitazirefusha. Bima ya uangalizi inatoa mpaka euro 3,539 kwa mwaka kwa mwenye daraja la 2 la uhitaji wa kutunzwa kwenda juu, wiki zisizidi 8. Kitanda na chakula unalipa mwenyewe, na ile posho ya kumtunzia nyumbani, ambayo kwa daraja lake la 3 ni euro 599 kwa mwezi, kwa siku hizo inashuka nusu. Sawa, kwa hilo sina kesi na mtu.

Kesi ilianza kwenye kutafuta. Nilipiga simu nyumba kumi na moja. Kitanda cha muda mara nyingi ni kile ambacho mwenyewe amefariki na anayefuata hajahamia, ndiyo kusema unaomba nafasi huku unajua unaombea nini. Chetu kilikuwa hivyo hivyo. Ukutani bado ilikuwepo misumari minne ya picha za mtu. Mamamkwe akaitazama, akaniambia nimtundikie kofia yake hapo.

Nilikaa na mama wa mapokezi nusu saa nzima. Nikamweleza dawa, nikamweleza viazi apondewe, nikamweleza mashine za kusikia. Hizo nilirudia mara mbili: yenye alama nyekundu ni ya sikio la kulia, ya bluu ni ya kushoto, kile kiplastiki kimechongwa kwa umbo la sikio lake, ukiibadilisha haikai. Akaandika, nilimwona kwa macho yangu. Jamani, na kwa Kijerumani "nyekundu" na "kulia" zote zinaanza na R! Watoto wa chekechea wangekumbuka.

Nikaenda Tanga. Shangazi swali lake la kwanza: "Na mkweo umemwacha na nani?" Nikasema kwa binti yake. Nilidanganya, nami sijutii, maana ningeanza kueleza nyumba ya wazee mbele ya shangazi yangu mpaka leo ningekuwa bado naeleza. Mama alikuwa na wanawake saba wa kumgeuza na kumpigia soga. Mimi kila baada ya siku mbili natoka uani napiga simu Ujerumani. "Amelala." "Ameshakula." "Hataki kuja kwenye simu." Mume wangu alipokwenda Jumapili akarudi mnyonge: "Mama kazeeka ghafla. Namwongelesha, ananiangalia tu." Usiku ule sikulala. Nikawa nawaza, huyu naye anaondoka, na mimi niko huku.

Nilirudi siku chache kabla ya muda. Kutoka uwanja wa ndege sikupita nyumbani, nikaenda hivyo hivyo na begi langu. Nilimkuta ukumbi wa chakula, kageuzwa dirishani, supu mbele yake imeganda utando juu. Nikamwita kwa nyuma. Kimya. Nikamgusa bega, akaruka kama kaguswa na moto. Nikaangalia masikio, matupu.

Kaunta alikuwepo muuguzi wa zamu. Macho kwenye kompyuta, hakuyainua:
"Unatoka kampuni gani?"
"Situmwi na kampuni. Mimi ni mkwe wake."
Hapo ndipo akaniangalia, kichwani mpaka kwenye begi. Sisi weusi tunaoishi huku tunaijua ile pima. Nikameza. Nikauliza mashine ziko wapi.
"Zilikuwa zinapiga mluzi, zinasumbua wakazi. Tukazihifadhi."
"Tangu lini?"
"Tangu mwanzo mwanzo."

Akafungua mtoto wa meza. Zilikuwa ndani ya kikombe kidogo cha plastiki cha vidonge, zimebandikwa plasta yenye jina lake, na jina lenyewe limekosewa. Nikamwomba, kwa adabu zote nilizofunzwa, anionyeshe alivyokuwa akimvisha. Akaichukua ya nyekundu akaipeleka sikio la kushoto. Mbele yangu! Itaachaje kupiga mluzi? Kiplastiki hakijakaa, sauti inavuja, inarudi kwenye maiki, mashine inalia. Inalia kukwambia umekosea, wewe unaifungia kwenye mtoto wa meza.

Haijaisha. Kwenye faili la mgeni wameandika: hajibu akiulizwa, hana hamu ya kukaa na wenzake. Na chini yake, pendekezo apelekwe kwa daktari apimwe kumbukumbu. Yaani unamtoa mtu masikio halafu unamwandika kuwa akili inapungua.

Nikatoa betri mpya pochini, zile za stika ya kahawia. Ukibandua stika unaiacha kama dakika moja ivute hewa kwanza, ndiyo inapata nguvu. Ile dakika niliisubiri nimepiga magoti mbele ya kiti chake, naye ananitazama mdomo. Nikavisha ya kulia, nikavisha ya kushoto. Likapita toroli la vyombo, akageuza shingo kulifuata. Kisha akanirudia, akasema: "Mama yako anaendeleaje?"

Nililia pale pale ukumbini, wazee wote wananitazama.

Sasa sikilizeni kituko. Nikaanza kufunga nguo zake, naondoka naye saa ile ile. Akakataa. "Nimelipiwa mpaka Jumamosi." Mjerumani ni Mjerumani. Nikamwacha kwa shingo upande, kila siku naenda kukagua masikio kama askari wa zamu. Na siku ya pili nikamkuta anacheza karata na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa tramu, wanaibiana wazi wazi na kucheka. Siku ya tatu akaniambia nisije mapema, nitawakatisha. Kuna kijana wa Kimoroko anayesomea uuguzi hapo, alichora duara jekundu kwenye karatasi akalibandika upande wa kulia wa kitanda, na mshale. Hakuambiwa na mtu. Mungu amlinde kijana yule, maana pengine ndiye peke yake niliyetaka kumtaja kwa jina nami sikumwuliza.

Kwa hiyo nisiseme pabaya. Jioni niliwaona wawili kwa ukorido mzima, mmoja anasukuma dawa, mwingine anakimbilia kengele, nikaona hata mimi ningekosea sikio. Lakini hapana, nisingekosea, iliandikwa! Na wakazi wa kudumu wanajulikana vizuri tu: huyu kahawa bila maziwa, yule haketi karibu na mlango. Sisi kwetu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, maana ya tatu ameshakuwa mwenyeji. Wa kwao wa muda siku ya ishirini bado ni namba ya chumba.

Nilikuja hapa nitoe nyota moja. Supu ilikuwa nzuri, nimeionja, zikawa mbili. Kijana wa Kimoroko, tatu. Nikikumbuka "unatoka kampuni gani" narudi kwenye moja.

Majuzi mamamkwe kaniuliza, tena mbele ya mwanawe, lini naenda tena Tanga. Nikadhani ananitakia heri. Kumbe anataka kujua lini anarudi kwenye karata zake. Niliona wivu, nakiri. Fomu nimeijaza. Pale penye maelezo mengine nimeandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, mistari yote mitatu, na bado nitamtumia yule kijana picha ya masikio yenyewe.