Faiba ya nyumbani Malindi: laini naipa nyota 4, ufungaji 2

Kifurushi ni cha Mbps 40, nyumba ni ya kizamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Kwa kebo, kasi niliyolipia naipata. Kwa Wi-Fi, sebuleni napata 38 na chumba cha ndani 6. Kampuni imeleta ilichoahidi mpaka kwenye kisanduku, na hapo ndipo kazi yake ilipoishia.

Kabla hujalalamika, jua unachopima. Mbps ni megabiti kwa sekunde, lakini kompyuta ikishusha faili huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo 40 yako itasomeka 5, na kwa kuwa data husafiri na anwani zake, utaona kama 4.7. Filamu ya gigabaiti 2 itachukua dakika 7 hivi. Hujaibiwa.

Pima kwa kebo ya mtandao ya aina ya Cat5e kutoka kwenye ruta, Wi-Fi ya kompyuta ikiwa imezimwa na simu za nyumbani zimetulia. Chagua seva ya Mombasa au Nairobi. Ya Ulaya itakupa picha ya safari ndefu, si ya laini yako. Pima asubuhi, kisha saa mbili usiku. Mimi asubuhi nilipata 39, usiku 31. Pengo la namna hiyo kwa kebo ni msongamano: katika mitambo ya GPON (faiba moja inayohudumia nyumba nyingi), iliyo ya kawaida majumbani, Gbps 2.5, yaani Mbps 2,500, hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64. Piga picha matokeo ya siku kadhaa ndipo upige simu, maana bila ushahidi utaambiwa uzime ruta na kuiwasha tena.

Kosa la fundi lilikuwa mahali. Aliweka ruta nyuma ya mlango wa mbele kwa sababu waya ulifika hapo. Ukuta wetu una unene wa karibu nusu mita, na matumbawe hushika unyevu. Mawimbi ya GHz 5 hayafui dafu. Ya GHz 2.4 hupenya zaidi, ila yana chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na majirani wamezijaza. Vikuza mawimbi visivyo na waya sivipendekezi kwa nyumba kama hizi, kwani navyo vinategemea mawimbi yaleyale yaliyokwisha kudhoofika ukutani.

Dawa ni waya. Nilipitisha mita 15 za Cat5e juu ya mlango hadi ruta ya pili ndani. Kebo ichomekwe kwenye tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani), si WAN (la intaneti inayoingia). DHCP ya ruta ya pili (huduma inayovipa vifaa anwani) izimwe, na anwani yake isifanane na ya kwanza. Ukisahau DHCP, ruta mbili zitagawa anwani kila moja kivyake na simu zitakuwa zinapata mtandao na kuukosa. Chumba cha ndani sasa ni 37. Hakikisha nyaya zote 8 zimebanwa: zikiwa 4 hutapita Mbps 100.

Jambo la pili ni mpindo. Uzi wa faiba ulikunjwa kona kali chini ya dirisha, na kipimo cha mwanga kikasoma dBm −26 (hasi ikizidi, mwanga ni hafifu zaidi), ilhali vifaa vya kawaida huishia karibu −27. Ulipolegezwa kwa duara pana na kiungio cha kijani kusafishwa, kikawa −20. Mwanga hafifu kwa kawaida haupunguzi kasi kidogo kidogo. Laini hukatika ghafla na taa ya LOS (ya kupotea kwa mwanga) huwaka nyekundu. Mwambie fundi akusomee kipimo hicho kabla hajaondoka, ukiandike.

Stima ikipotea, UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 inatosha, lakini soma kwanza kibandiko cha kila kifaa: volti zilingane, na ampea za UPS zitoshe vifaa vyote.