Shule ya bweni niliyomweka kijana wangu mwenye ADHD: nyota nne kati ya tano

Naandika hii kwa wazazi wenye kijana mwenye ADHD, yaani ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kukaza umakini, wanaozunguka kutafuta shule ya bweni, na kila wanakoenda wanaoneshwa maabara, viwanja na matokeo ya mitihani. Jina la shule siweki, kijana wangu bado anasoma pale na mambo ya afya yake ni yake, ila nitaeleza wanavyofanya kazi ili ukienda kwingine ujue cha kuuliza.

Kilichonifanya niichague hii shule ni jioni yao. Mchana shule nyingi zinajitahidi, mwalimu yuko mbele, kengele inalia, kipindi kinaisha wanaingia kingine. Bweni linaanza kuwa gumu walimu wakishaondoka. Dawa ya ADHD inayoitwa methylphenidate, ile ya kawaida ya muda mfupi, dozi moja inafanya kazi kama masaa 4 hivi, na zile za muda mrefu zinaenda masaa 8 mpaka 12 kutegemea na aina, sasa piga hesabu mwenyewe, kijana amemeza saa moja asubuhi, prepu inaanza saa moja usiku, dawa imeshaisha nguvu na ndio kwanza anaambiwa akae kimya masaa mawili afanye kazi za masomo matatu bila kusimamiwa. Halafu anaandikwa mvivu. Sio mvivu jamani, na inaniuma sana kila nikisikia mtu mzima anamwita mtoto hivyo.

Hilo swali la jioni niliuliza kila shule niliyotembelea. Kuna moja, mhusika alinijibu "wewe mlete tu, hapa tutamnyoosha", nikashukuru nikaondoka. Hapa mkuu wa shule hakujibu yeye, alimwita matroni na mwalimu anayesimamia prepu wakaeleza wenyewe, na niliomba kurudi jioni nione kwa macho wakakubali. Ukikataliwa kuona prepu au bweni, mimi naona hiyo shule iache.

Niliyoyaona ni haya. Watoto wa aina ya kijana wangu wanaanza kazi mapema, mara tu baada ya michezo, na wanafanya kwa vipande vya dakika 20 hivi. Kikiisha anainuka, anapeleka daftari kwa mwalimu, anarudi na kazi nyingine, yaani ile kuinuka kwenyewe kumewekwa kwenye ratiba, hana haja ya kutafuta sababu ya kutoka. Meza yake iko mbele, mbali na mlango. Juu ya meza kuna karatasi imebandikwa na selotepu, kazi za siku zimeandikwa kwa mpangilio, akimaliza moja anaikata kwa kalamu. Na mwalimu hamwambii "fanya homuweki", anamwambia "fungua hesabu, soma swali la kwanza". Inaonekana ndogo lakini ukiishi na mtoto wa hivi unajua, hesabu anaijua vizuri tu, ila kuanza, kupanga na kukumbuka ndiko kunamshinda.

Upande wa dawa wako vizuri sana. Methylphenidate inadhibitiwa kimataifa tangu mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, sio dawa ya kuachia mtoto kwenye begi, tena bwenini wapo wenzake watakaomuomba au kumbembeleza awauzie. Hapa iko kwenye kabati la kufuli kwa matroni, na kuna daftari: tarehe, saa, vidonge vilivyobaki, sahihi ya matroni na sahihi ya kijana. Akipitiliza asubuhi matroni anamfuata, hawasemi eti ameshakuwa mkubwa ajikumbuke, maana kusahau ndio ugonjwa wenyewe. Dawa inamkata hamu ya kula mchana, njaa inamrudia usiku, kwa hiyo wanamwekea chakula chake ale baadaye, na wanampima uzito, urefu na presha, majibu wananitumia nimpelekee daktari wake.

Usingizi hapo wastani. Vijana wa umri huu wanahitaji masaa 8 mpaka 10, na wa kwangu kichwa hakitulii mapema. Simu zinakusanywa usiku, hilo nawapongeza, lakini bweni lina vitanda vingi na makelele hayakosi. Waliniahidi kumhamishia kona tulivu, wamefanya, kuna nafuu.

Adhabu nayo uliza, na usiulize kwa ujumla maana wote watakwambia wana upendo. Uliza hivi: akisahau kitabu mara tatu wiki moja mnamfanyaje? Hapa walinijibu wanaweka nakala ya pili ya kitabu darasani. Akimtukana mwenzake anaadhibiwa kama wengine na mimi nakubaliana nao kabisa, kuna tofauti kati ya kusahau na utovu wa nidhamu, na mtoto mwenyewe anaijua.

Nyota moja nimeipunguza kwa mambo mawili. Kwanza matroni akiwa likizo anayeshika nafasi yake hajui kitu, nilipiga simu akawa ananiuliza mimi dozi ni ngapi wakati daftari liko pale pale. Pili ni wikendi. Jumatatu mpaka Ijumaa ratiba imebana vizuri, Jumamosi mchana hakuna kitu, watoto wanaachwa tu wapumzike, na karibu kesi zake zote zinatokea hapo. Kijana wa hivi ukimpa masaa matano matupu atajitafutia cha kufanya na sio lazima kiwe kizuri.

Na kijana mwenyewe mshirikishe, nenda naye, mwache aongee na wanafunzi wakati wewe uko ofisini. Wa kwangu alitoka akaniambia "hapa sijaona mtu anapigiwa kelele", kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko makaratasi yote niliyopewa getini.

Suala la Jumamosi nimewaandikia, nimeomba wamuingize kwenye mazoezi ya kuogelea au karakana, wamesema watajaribu muhula ujao. Wakitekeleza nitarudi hapa niongeze ile nyota.