FreeCAD 1.0 na bolti yenye nyuzi nusu: kazi inafanyika, ila kwa jasho

Kwa nyuzi za ndani ya tundu (mifereji ya mzunguko inayoshika skrubu), FreeCAD 1.0, programu ya kuchora vitu vya 3D, haina neno. Kifaa cha "Hole" kina orodha ya saizi za metriki, kinakuruhusu kutenganisha kina cha nyuzi na kina cha tundu, na ukiweka alama kwenye "Model Thread" nyuzi zinachongwa kweli. Kasoro iko upande wa nje: hakuna kitufe cha kuiambia kuwa silinda hii ni M10 (bolti ya kipenyo 10 mm), nyuzi ziishie 26 mm kutoka nchani. Unazichonga mwenyewe kwa "Subtractive Helix", zana inayokata kwa kuzungusha mchoro huku ukipanda kama springi (yaani heliksi).

Chukua M10 ya pichi 1.5 mm (umbali wa uzi mmoja hadi unaofuata) kwenye silinda ya kipenyo 10 mm na urefu 50 mm, ncha ikiwa kwenye Z sifuri (Z ni mhimili wa urefu wa bolti). Wengi huchora pembetatu ya digrii 60 yenye kitako cha 1.5 mm, sawasawa na pichi. Hapo ndipo inapoharibika, maana kila mzunguko unagusana na wa jirani, na programu inatoa kosa au umbo lenye nyuso mbovu. Chora trapeza (pembenne yenye pande mbili sambamba): kina 0.92 mm, upana wa 0.25 chini ya mfereji, na upana wa 1.31 pale inapokutana na uso wa silinda. Kisha endeleza mistari ya mteremko 0.1 mm nje ya silinda, upana ufike 1.43. Usizidishe hapo, ukiendeleza hadi 0.16 mm nje, upana umerudi kwenye 1.5 na tatizo lilelile. Na ukiishia kwenye uso wenyewe, ukataji unaweza kuacha ngozi nyembamba isiyotoka.

Mchoro uanze Z −1.5, ili mfereji uingie ukitokea hewani. Chagua "Pitch-Turns-Angle": 1.5, mizunguko 18, pembe 0. Idadi kamili ya mizunguko ni ya makusudi: mkato unaishia Z 25.5, kwenye bapa lilelile la mchoro.

Sasa utaona mfereji umekatika ghafla kama ukuta. Bolti halisi haiko hivyo. Nyuzi hupungua kina taratibu. Nakili trapeza hadi Z 25.5, ongeza heliksi ya pili ya pichi 1.5, mizunguko 2, pembe 20. Inapanda 3 mm huku ikitoka nje kwa 1.09 mm, hivyo inamaliza kina chote cha 0.92. Ikigoma, chonga mtaro wa kipenyo 7.7 mm mahali nyuzi zinapoishia, kama afanyavyo fundi wa kerezo. Huo hukubali daima, ila unadhoofisha bolti hapo.

Kama unachotaka ni bolti ya kawaida, acha yote haya usakinishe nyongeza ya Fasteners. Humo, kiwango cha kimataifa ISO 4014 ni cha bolti za nyuzi nusu, ISO 4017 cha nyuzi hadi kichwani. Nyuzi halisi huja zimezimwa. Ziwashe kwenye sifa ya "Thread".

Kwa printa ya 3D, punguza kipenyo cha bolti kwa 0.2 hadi 0.4 mm na uichapishe ikiwa imesimama. Kwa karakana ya chuma, usichonge nyuzi kabisa: zinafanya faili kuwa zito na kila badiliko huchelewa. Andika M10 na urefu wa nyuzi kwenye mchoro unaompa fundi, inatosha.