Kidole cha mwisho ndicho kilichonichagulia kibodi

Kibodi ya kwanza ya mekanika niliinunua kwa masikio. Nilikuwa nimetazama video ya mtu akiandika kwa swichi za bluu (swichi ni kile kifaa kidogo kilicho chini ya kila kitufe), tak-tak-tak, nikasema hiyo ndiyo yangu. Kazi yangu ni kunukuu mahojiano: navaa hedifoni, mtu anaongea, nami naandika kila anachotamka pamoja na "eeh" zake zote. Kumbe mlio wa bluu unapenya hata ukiwa umeziba masikio, na unapenda kuangukia palepale mzungumzaji anapomeza silabi. Nikawa narudisha sauti nyuma mara tatu kutafuta neno nililolifunika mwenyewe.

Kibodi yenyewe haikuwa mbovu. Kwa anayeandika akiwa peke yake, mlio ule ni starehe, na una kazi: unakuambia herufi imeshaingia, inua kidole. Shida ni kwamba mimi sikuwa nainua.

Ya pili nikachukua ya kahawia, maana kila unayemuuliza atakuambia mwandishi anunue kahawia. Kwa asiyezijua rangi hizi: ni rangi za kile kijiti cha plastiki kinachobeba kofia ya kitufe. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ndiyo iliyowazoesha watu, na wengine kama Gateron na Kailh wakafuata, ingawa bluu ya huyu si lazima iwe na uzito wa bluu ya yule. Nyekundu na nyeusi zinateremka moja kwa moja. Kahawia ina katuta njiani, kama tuta la barabarani, kidole kihisi mahali herufi inaposajiliwa. Bluu ina tuta na mlio juu yake.

Wiki tatu na kahawia, sikuhisi tuta lolote. Nikadhani nimeuziwa swichi za uongo. Ndipo nikaweka simu mezani, nikajirekodi nikiandika ukurasa mmoja, nikajisikiliza. Kila herufi ilikuwa na kishindo cha plastiki kugota chini. Kila moja, bila kukosa. Mimi ni mgongaji. Nimejifunzia kwenye kibodi za kawaida, zile zenye vikombe vya mpira chini ya vitufe, ambazo lazima ubonyeze hadi mwisho ndipo herufi itoke. Swichi ya Cherry ya kahawia inasajili milimita 2 tu kati ya safari ya milimita 4. Nilikuwa nalivuka tuta kwa kasi ya lori lisilo na breki.

Kwa hiyo kabla hujauliza rangi, jirekodi. Ni bure, na itakuambia mengi kuliko video ya mkono wa mtu mwingine. Mwenye vidole vyepesi, anayeinua mara tu herufi inapoingia, kahawia itamfaa kabisa. Mgongaji analipia tuta asilolihisi.

Ya tatu, niliyo nayo sasa, ina vitufe 87, haina lile fungu la namba upande wa kulia, hivyo kipanya kimesogea karibu, na bega langu limeshukuru. (Kuna ndogo zaidi zisizo hata na mishale. Mimi nahariri siku nzima. Kuninyang'anya mishale ni uonevu.) Lakini sifa yake kubwa ni kwamba swichi zinachomoleka bila kulehemu. Hapo ndipo ubishi wangu na rangi ulipoisha.

Nilianza na nyekundu za kimya, zenye kiraba ndani kinachopoza kishindo. Kwa Cherry hizi zinahitaji nguvu ya sentinyutoni 45, kama gramu 46 hivi. Nyepesi mno kwangu: nikipumzisha mkono, herufi zinajiandika. Nikahamia nyeusi za kimya, sentinyutoni 60. Mkono ukatulia, makosa yakapungua, ila kufika alasiri kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kinauma.

Tazama kinachofanywa na kidole hicho. Herufi A iko chini yake, na Kiswahili hakiishi bila A. Andika "wataalamu": A nne katika herufi tisa. Andika "wakaandaa": tano katika tisa. Mapendekezo mengi ya uzito wa swichi yanatoka kwa watu wanaoandika Kiingereza, ambao A yao haifanyi kazi ya punda kama yetu. Basi nikachomoa nyeusi kwenye A peke yake, nikaweka nyekundu. Zilizobaki nyeusi. Maumivu yaliisha wiki ileile.

Tahadhari moja ya kuchomeka: swichi ina miguu miwili ya shaba, myembamba, na ukisukuma kwa pupa unajikunja chini bila wewe kuona. Wangu ulijikunja kwenye K. Nilikuwa mbioni, sikutazama skrini, na nusura nimpelekee mteja nukuu ambamo mzee mmoja anasema anataka "uweli" ujulikane. Alisema ukweli. Uweli ni ugonjwa. Niliunyoosha mguu kwa kibano cha nyusi na mpaka leo unafanya kazi.

Kofia za vitufe chagua za plastiki ya PBT. Zile za plastiki ya ABS za kibodi yangu ya kwanza zilianza kung'aa kama goti la suruali kuukuu, na A ndiyo iliyotangulia, bila shaka. Taa za rangi sina la kusema, nimezizima.

Dosari ya hii ya tatu ni kitufe kirefu cha nafasi. Kina waya chini unaokizuia kisiyumbe, nao ulitoka kiwandani mkavu, unacheza kama kijiko ndani ya kikombe. Swichi za kimya zimefanya mambo kuwa mabaya zaidi, maana sasa ndiyo kelele pekee iliyobaki. Nimeupaka grisi upande wa kushoto, ukanyamaza. Wa kulia bado unapiga kelele kila mwisho wa neno, nami nina saa mbili za mkutano wa kunukuu kabla sijaugusa.