Uraia wa Armenia: kwa asili au kwa ukaazi?
Sheria ya uraia ya Armenia ya 1995 ina njia mbili zilizo mbali sana. Mgeni asiye na asili ya Kiarmenia lazima awe ameishi nchini kihalali miaka 3, aweze kuwasiliana kwa Kiarmenia na aifahamu katiba. Mwenye asili hiyo, hata kama amezaliwa Beirut au Los Angeles, husamehewa ukaazi na lugha. Kwangu hiyo ni haki: wengi wao ni wajukuu na vitukuu wa walionusurika mauaji ya kimbari ya Waarmenia ya 1915 katika Dola ya Osmani (Uturuki ya zamani). Cheti cha ubatizo cha kanisani husaidia kuthibitisha ukoo. Tangu 2007 uraia pacha unaruhusiwa. Kijana wa kiume aulize kwanza kuhusu jeshi, maana utumishi ni wa lazima.